Chakula na Sauti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waimbaji wa Lamu

Ukurasa huu ni wa wote wanaotumia sauti zao kisiwani Amu, yaani Lamu, na visiwa jirani: waimbaji wa taarabu na kaswida, wasomaji wa Kurani na maulidi, kina mama wa vugo, waadhini na walimu wa madrasa. Maswali ni yale yale yanayorudi kila Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, unapokaribia na kila msimu wa harusi unapoanza. Pale jibu moja linapogusa jingine, nimetaja namba ya swali la kurejea. Mwenye haraka asome la 2 na la 4, kwa sababu hayo mawili ndiyo yaliyobeba mengine yote.

## Misingi

1. Je, ninachokula kinapita juu ya nyuzi za sauti?

Hapana. Kooni kuna njia mbili. Ya mbele ni ya hewa, nayo huanzia kwenye zoloto, kile kifundo kinachojitokeza shingoni mwa wanaume. Humo ndani ndimo zilimo nyuzi za sauti. Ni mbili, laini, hazifiki sentimita tatu kwa urefu, na unapozungumza tu hugongana kati ya mara 100 na 200 hivi kwa sekunde, za mwanamke kwa kasi zaidi kuliko za mwanamume. Unapopanda juu kwenye wimbo, kasi hiyo huongezeka maradufu na zaidi. Njia ya nyuma ni umio, njia ya chakula. Ukimeza, zoloto hupanda, kidakatonge hulifunika, na tonge au funda la maji hupita nyuma yake. Tone moja likikosea njia unapaliwa, na hutulii mpaka litoke.

Kwa hiyo asali haizipaki nyuzi, ndimu haizioshi na barafu haizigandishi. Kinachozifikia moja kwa moja ni kile unachokivuta kwa pumzi: hewa, mvuke, vumbi na moshi. Ukilishika hili, nusu ya ushauri unaopewa barazani utaweza kuupima mwenyewe.

2. Kama hakizigusi, mbona nikila vitu fulani sauti inakwaruza?

Kwa sababu chakula huja kwa mlango wa nyuma. Tumbo lina asidi kali ya kusagia chakula, na mwisho wa umio pana msuli unaojifunga ili asidi hiyo isipande. Msuli huo ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, au ukilala kabla tumbo halijapungua, asidi hupanda hadi kooni na kumwagikia zoloto. Tumbo lina utando mzito wa kulikinga na asidi yake lenyewe, zoloto halina. Kiasi kidogo tu hutosha kuzivimbisha nyuzi, na nyuzi zilizovimba hazikutani sawasawa. Hapo ndipo unasikia mkwaruzo, sauti ya juu inagoma, na kila dakika unajikohoza.

Linalowapotosha wengi ni kwamba hali hii huweza kuwapo bila kiungulia. Mtu haungui kifuani hata kidogo, akasema tumbo lake ni zima. Dalili zake ni nyingine: sauti nzito asubuhi inayofunguka kadiri saa zinavyokwenda, hisia ya tonge lililokwama kooni, makohozi yasiyoisha, ladha chungu mdomoni unapoamka, kikohozi kikavu usiku. Ukijiona humo, majibu ya swali la 4, la 10 na la 12 yanakuhusu wewe kwanza.

Njia ya pili ni maji. Nyuzi zimefunikwa na utando mwembamba wa majimaji, na mwili ukikauka utando huo unakuwa mzito na kunata (swali la 5). Njia ya tatu ni nguvu: mwimbaji mwenye njaa, au mwenye upungufu wa damu, hukosa pumzi ya kumfikisha mwisho wa mstari (swali la 18).

3. Basi ni chakula gani bora zaidi kwa sauti?

Hakuna. Chakula cha kawaida cha nyumbani, samaki wa kuchoma au wa kupaka, mbaazi, mchicha, wali, matunda, kinamtosha mwimbaji kama kinavyomtosha mvuvi. Anayekuuzia unga au mafuta ya "kufungua sauti" anakuuzia matumaini, na pesa hiyo ingekufaa zaidi sokoni.

4. Nile saa ngapi kabla ya kuimba? Na baada ya kuimba?

Kabla: mlo kamili uwe saa mbili au tatu kabla ya shughuli. Tumbo lililojaa hukisukuma juu kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaotupa pumzi, na mwimbaji hubaki akihema kifuani. Lakini usipande jukwaani na njaa pia. Nusu saa kabla, ndizi moja mbivu, tende tatu au kipande cha mkate wa mofa vitakushika bila kukulemea.

Baada: hapa ndipo waimbaji wengi wa huku wanapojiharibia, na hakuna anayewaonya. Mwimbaji wa harusini hujihadhari mchana kutwa. Hagusi pilipili, hagusi barafu, hanywi soda. Shughuli inakwisha saa saba usiku, tumbo tupu, anawekewa sinia la biriani, anakula mpaka shibe, saa nane yuko kitandani. Saa nne asubuhi hana sauti, na lawama anaitupia feni au upepo wa baharini. Biriani yenyewe haina kosa. Ingeliwa saa saba mchana isingemfanya kitu. Kilichomdhuru ni kulala na tumbo lililojaa.

Kanuni ninayoisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kuacha saa tatu kati ya mlo mkubwa na kitanda. Shughuli ikichelewa, kula kidogo tu usiku ule, uji au mkate na kikombe cha maziwa, kisha omba chakula chako ufungiwe ukale asubuhi. Mwenye shughuli hatakasirika ukimweleza kwa adabu.

## Maji na vinywaji

5. Ninywe maji kiasi gani, na lini?

Kiasi kinatofautiana kwa umri, kazi na joto, kwa hiyo angalia mkojo wako. Ukiwa wa manjano hafifu, umekunywa ya kutosha. Ukikolea kama chai ya rangi, umechelewa. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, jua la huku huyamaliza maji ya mwili kwa jasho hata ukiwa umekaa kivulini, na mchezaji ngoma au mpiga matari hupoteza zaidi.

Lini ni muhimu kuliko kiasi. Maji yanapita tumboni, yanaingia damuni, kisha ndipo yanafika kwenye utando wa nyuzi. Safari hiyo huchukua muda. Gilasi unayoinywa ukiwa umeshika kipaza sauti inaulowesha mdomo na kukuondolea ukavu wa wasiwasi, nayo ina faida yake, ila haijafika kwenye sauti. Anza kunywa asubuhi, mafunda machache kila mara, hadi jioni. Kunywa lita moja kwa mkupuo dakika kumi kabla ya kuimba kutakupa tumbo la kutikisika na safari za chooni.

6. Maji ya baridi yanaua sauti?

Hayaui. Hayazigusi nyuzi, kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 1. Wapo watu ambao misuli ya koo lao hukaza kidogo wakinywa maji ya barafu, na hao wanywe ya mtungini au ya vuguvugu wakati wa kuimba. Wengine hawahisi chochote. Jijaribu siku ya mazoezi, wala usikatae gilasi ya maji ya baridi mchana wa joto kwa kuogopa maneno.

7. Kahawa chungu na chai ya maziwa, niache?

Kahawa chungu ya vikombe vidogo, ile ya kwenye dele, haiwezi kukukausha mwili kama watu wanavyohofia. Kikombe kimoja au viwili kwa mtu aliyeizoea hakina neno. Shida ya kahawa iko tumboni: kwa baadhi ya watu huulegeza ule msuli wa umio, na ikinywewa usiku huondoa usingizi, na sauti isiyolala haiimbi. Mwenye dalili za swali la 2 aiache wiki mbili aone tofauti. Asiye nazo anywe kwa kiasi, alasiri na si usiku wa manane.

Chai ya maziwa ni vivyo hivyo, ila punguza sukari.

8. Maziwa, mtindi na tui la nazi vinaongeza makohozi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na najua jibu langu halitawaridhisha wengi. Maziwa hayaongezi makohozi. Yakichanganyika na mate, mate huwa mazito kwa muda mfupi na mtu akahisi koo limefunikwa. Watafiti wa Australia waliwahi kuwapa watu fulani maziwa ya ng'ombe na wengine kinywaji cha soya, vyote vimetiwa ladha ile ile ili wasitambue wanakunywa nini. Makundi yote mawili yalieleza hisia ile ile ya koo kufunikwa. Kwa hiyo ni hisia ya kinywaji kizito, na huondoka kwa mafunda mawili ya maji.

Hisia, hata hivyo, humsumbua mwimbaji. Kama inakukera, acha maziwa na mtindi saa moja au mbili kabla ya kuimba, kisha rudi kwenye kawaida yako. Usiache kabisa, kwa watoto na kina mama hasa, hayo ni madini ya mifupa.

Tui la nazi ni jambo jingine. Halileti makohozi, lakini lina mafuta mengi, na mafuta hukawia tumboni. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni mlo wa mchana kwa mwenye shughuli ya usiku.

9. Madafu, maji ya ukwaju, soda?

Dafu ni zuri, hasa baada ya kutoka jasho jingi, kwa kuwa lina maji na madini ya potasiamu. Maji ya ukwaju na ya ndimu ni matamu lakini ni makali kwa asidi. Nusu gilasi na chakula haina shida, gilasi mbili juu ya tumbo tupu kabla ya kuimba ni kujitafutia kiungulia. Soda ina gesi, na gesi lazima itoke. Ikitoka katikati ya ubeti hupanda pamoja na asidi.

## Vyakula vya hapa kwetu

10. Pilipili na achari vinaharibu sauti?

Pilipili haichomi nyuzi. Inachoma ulimi na koo, inafungua pua, na kamasi likishuka nyuma ya koo unahisi umeharibikiwa. Hayo hupita. Madhara ya kweli huwapata wale ambao pilipili huwaamshia asidi, na hao ni wengi ingawa si wote. Nimewaona waimbaji wazuri wakila embe bichi kwa pilipili na chumvi tangu utotoni na sauti zao ni safi.

Njia ya kujua ni moja. Acha pilipili, achari, ukwaju na vyakula vikali vyote kwa majuma mawili. Kisha rudisha kimoja kimoja, siku tatu kwa kila kimoja, ukisikiliza sauti yako ya asubuhi kabla hujazungumza na mtu. Utakachokigundua kitakufaa kuliko orodha ya mtu mwingine yeyote, pamoja na hii yangu.

11. Viazi karai, bajia, sambusa, mahamri?

Mafuta. Hukawia tumboni kama tui la nazi (swali la 8). Mahamri mawili na mbaazi asubuhi ni sawa. Sahani ya viazi karai saa mbili usiku kwa mwenye zamu saa tatu ni kosa.

12. Naamka kila siku na sauti nzito. Nibadilishe nini kwanza?

Kwanza saa ya mlo wa usiku, kama ilivyo katika swali la 4. Pili, kitanda. Inua upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu hukukunja tumbo badala ya kuuinua mwili. Tatu, lala ubavu wa kushoto. Kwa jinsi tumbo lilivyokaa, asidi hupanda kwa shida zaidi ukilala hivyo. Nne, legeza mkanda, na ukiwa na kitambi, kilo chache zikipungua utaona tofauti. Tano, mnanaa. Watu hunywa chai ya mnanaa ya moto usiku wakidhani wanatuliza tumbo, kumbe mnanaa huulegeza ule msuli wa umio.

Vumilia. Zoloto lililochomwa na asidi kwa miezi halitapoa kwa siku tatu. Yape mabadiliko haya mwezi mmoja hadi miwili. Dawa za kupunguza asidi zinauzwa madukani na husaidia, lakini usizimeze miezi na miezi bila daktari kukuangalia.

13. Asali, tangawizi, karafuu, habasoda: ni dawa au ni mazoea?

Zimo na faida, ila faida yenyewe iko kwingine na watu wanavyodhani. Asali hutuliza koo linalowasha na kupunguza kikohozi. Kikohozi kikipungua, nyuzi hazigonganishwi ovyo, na hapo sauti hupona. Tangawizi huchangamsha mate na kutuliza kichefuchefu. Kutafuna karafuu moja hufanya ganzi kidogo na kuleta mate, jambo zuri kwa mdomo uliokauka kwa hofu. Lakini usiitegemee ganzi ili uimbe juu ya koo linalouma. Maumivu ni taarifa, nawe unaizima. Habasoda ule kama kiungo kwenye mkate, ni kitamu.

Angalizo moja zito: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali kabisa, hata kidogo, hata kama bibi yake amezoea. Asali huweza kubeba viini vya sumu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvikabili.

Kama unataka kitu kinachozifikia nyuzi kweli, jifukize. Maji ya moto kwenye bakuli, mtandio kichwani, vuta mvuke kwa pua na mdomo dakika tano hadi kumi. Maji matupu yanatosha. Liweke bakuli mezani, mbali na watoto, maana maji ya moto yameunguza wengi.

14. Mayai mabichi?

Usinywe. Hayafiki kwenye sauti na yanaweza kukupa salmonela, ugonjwa wa tumbo wa kukulaza siku kadhaa. Yachemshe ule.

## Kutafuna na kuvuta

15. Miraa na muguka vinanisaidia kukesha kwenye shughuli. Kuna ubaya?

Upo. Miraa hukausha mdomo na koo, huondoa usingizi na hamu ya kula. Mtafunaji kwa kawaida hushushia soda au chai yenye sukari nyingi, na mara nyingi sigara iko mkononi, tena huzungumza kwa sauti kubwa usiku kucha bila kuhisi kuchoka. Kesho yake nyuzi zimechoka kwa mambo hayo yote kwa pamoja. Muguka una nguvu zaidi na hali ni hiyo hiyo. Vijana wanaotafuna husema sauti inakuwa "tayari". Kilicho tayari ni moyo wao unaokwenda mbio. Sauti ikisikilizwa kwenye kinasa sauti inasema jingine.

16. Tambuu je? Bibi zetu walitafuna na waliimba.

Ni kweli, na tambuu ni sehemu ya heshima ya harusi zetu. Natamka haya kwa uzito. Popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, imethibitishwa kusababisha saratani ya mdomo, na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi. Ikichanganywa na tumbaku hatari huzidi. Chokaa nayo huchubua ngozi ya ndani ya shavu. Wanaopenda desturi wanaweza kuuweka uzuri wake katika mpangilio wa sinia, asumini na vilua, na kuiacha popoo.

17. Bi Kidude alivuta sigara na akaimba hadi uzeeni. Kwa nini mimi niache?

Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyefariki Zanzibar mwezi wa Aprili 2013, alikuwa na kipaji kisicho na mfano, na kweli sigara haikumtoka mkononi. Lakini tunamkumbuka yeye kwa sababu alidumu. Waimbaji ambao moshi uliwanyamazisha mapema hawatajwi, hakuna aliyewarekodi. Moshi, uwe wa sigara au shisha, ndio unaopita moja kwa moja juu ya nyuzi (swali la 1). Maji ya kwenye chupa ya shisha hayausafishi. Hakuna chakula kitakachofidia hilo, na kama utafuata jibu moja tu katika ukurasa huu, nakuomba liwe hili.

## Nyakati na watu maalumu

18. Naishiwa na pumzi mapema ingawa nakula vizuri.

Kwa kina mama, wazia upungufu wa damu. Chanzo cha kawaida ni ukosefu wa madini ya chuma. Kapime damu kituo cha afya, ni kipimo chepesi. Maini, nyama, samaki, mbaazi na mchicha hurudisha damu, na ndimu kidogo juu ya mboga hulisaidia tumbo kuyafyonza madini hayo. Chai hufanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Inywe saa moja baada ya mlo.

19. Mwezi wa Ramadhani ninasalisha tarawehe. Nifungue na nini?

Fungua kwa tende na maji, kisha uji mwepesi au supu. Futari nzito ya mihogo ya nazi, sambusa na kaimati isubiri. Kati ya magharibi na isha pana saa moja na kitu tu, na ukirukuu na tumbo lililojaa asidi inamiminika kooni bila kizuizi. Mlo wenyewe ule baada ya tarawehe, kwa kiasi, na kitanda kisubiri saa zake tatu.

Maji yagawe kuanzia magharibi hadi daku, gilasi moja kila saa unapokuwa macho. Kuyanywa yote wakati wa daku kunayapeleka chooni kabla jua halijachomoza. Daku ichelewe, kama ilivyo sunna, iwe na vitu visivyo na chumvi nyingi, na baada yake usiangukie kitandani. Swali alfajiri, soma, kaa. Wasomaji wengi wanaolalamika kupwewa na sauti katika kumi la mwisho, ukiwauliza, hulala mara tu baada ya daku.

Mchana wa saumu punguza maneno. Mwalimu wa madrasa awape wanafunzi wakubwa wasomeshe wadogo.

20. Ni mjamzito, na sauti imebadilika.

Ujauzito hulegeza msuli wa umio, na mtoto akikua hulisukuma tumbo juu; kiungulia cha miezi ya mwisho ni cha kawaida. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na ufuate swali la 12. Dawa yoyote, hata ya mitishamba, mwulize mkunga kwanza. Sauti kwa kawaida hurejea baada ya kujifungua.

21. Nina kisukari. Tende na asali zinanihusu?

Zinapandisha sukari kama sukari nyingine. Badala ya tende kabla ya kuimba, kula karanga chache au kipande cha mkate wa ngano nzima, kwa kiasi ulichoelekezwa kliniki. Kiu isiyokatika na koo kavu kila siku kwa mwenye kisukari ni ishara ya kupima sukari, usiinyamazishe kwa maji pekee.

22. Watoto wa kaswida wapewe nini kabla ya mashindano?

Maji, na chakula chao cha kawaida mapema. Tatizo la watoto mara chache ni chakula. Ni kupiga kelele. Watulize asubuhi ile wasipayuke, la sivyo ifikapo zamu yao sauti zimekwisha.

23. Tunakwenda kuimba Faza kwa boti. Tujitayarishe vipi?

Kula kitu kikavu na chepesi saa moja kabla ya kupanda, tafuna kipande cha tangawizi ukiwa mwepesi wa kichefuchefu, na beba maji yako. Kutapika ni asidi kupita kooni. Ukitapika, sukutua kwa maji, kunywa kidogo kidogo, upumzishe sauti. Na msipige soga juu ya mlio wa mashine njia nzima. Nimeona kundi likifika gatini limeshamaliza sauti kabla ya kuteremsha matari.

24. Sauti imenipwea leo na shughuli ni kesho. Nile nini?

Chakula hakitakuokoa kwa usiku mmoja. Nyamaza, wala usinong'one, kwani kunong'ona kwa nguvu huzichosha nyuzi. Kunywa maji, jifukize, kula chepesi na mapema, lala. Kusukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya gilasi ya maji ya vuguvugu hutuliza koo la juu, ingawa hakufiki kwenye nyuzi. Epuka aspirini: huifanya damu kuwa nyepesi, na uzi uliovimba ukilazimishwa kuimba unaweza kuvuja damu ndani yake. Dawa nyingi za mafua na mzio hukausha koo pia, basi muulize mfamasia kabla ya kununua.

Kama sauti imekatika ghafla katikati ya wimbo, kama kitu kimepasuka, usiimbe kesho hata ukilipwa maradufu. Nenda hospitali.

25. Nimefuata yote na bado ninakwaruza. Nini tena?

Sauti iliyokwaruza majuma matatu bila mafua yatakiwa kuonwa na daktari wa masikio, pua na koo. Anza hospitali ya King Fahd hapa Lamu upate barua ya rufaa. Daktari huyo ataingiza kamera nyembamba puani na kuziangalia nyuzi zenyewe. Haiumi, ni ya dakika chache tu. Huenda akakuta vinundu vinavyotokana na kuimba kwa kulazimisha, na hivyo havitibiwi kwa chakula. Vinataka mapumziko na mwalimu wa kukurekebisha pumzi.

Usisubiri hayo majuma matatu ukiona damu kwenye makohozi, uvimbe shingoni, ugumu wa kumeza, kupungua uzito bila sababu, au pumzi inayotoa mlio. Unapokwenda, chukua karatasi uliyoandika unakula nini na saa ngapi, unalala saa ngapi, dawa zote unazotumia za hospitali na za nyumbani, na kama unavuta au kutafuna chochote. Mwambie ukweli wote, hata lile unaloona haya kulisema mbele ya mtu wa nyumbani, na kama umesindikizwa, omba aliyekuleta asubiri nje.